Kisa cha Hingis: bonanza la maveterani lililomrudisha mstaafu kazini

Julai 2013. Martina Hingis, miaka 32, anachukua kombe la Wimbledon la wanawake waliostaafu, mara ya tatu mfululizo, pea yake ni Lindsay Davenport. Tarehe 13 ya mwezi huohuo yupo Newport, Marekani, anaingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa Tenisi, ile sehemu ambayo ukishaingizwa maana yake hotuba imesomwa, picha imetundikwa, asante kwa utumishi wako. Alafu kabla mwezi haujaisha yupo California kwenye mashindano ya kweli kabisa ya WTA, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake, raketi mkononi, anacheza dabo, yaani wawili kwa wawili, na Daniela Hantuchova dhidi ya mabinti ambao wengine walikuwa bado wanajifunza kusoma wakati yeye yupo namba moja duniani.

Ni kama yule mzee wa ofisini kwenu, kapewa kiinua mgongo, kaagwa kwa keki na soda na shuka la zawadi, watu wamelia, alafu Jumatatu unamkuta getini kasimama na wenzake anasubiri kusaini.

Mi nilicheka, sitaki kudanganya. Nikasema huyu mama kadanganywa na makofi ya maveterani, kaona kawapiga kina Martina Navratilova, magwiji wa zamani ambao wana miaka hamsini na kitu basi kajiona bado wamo. Miaka miwili baadaye nilikuwa nimekaa kimya. Hesabu ndo hii: Hingis ana makombe 25 ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya Australia, Paris, Wimbledon na US Open, matano ya singo (mmoja kwa mmoja), 13 ya dabo ya wanawake na saba ya dabo mchanganyiko (mwanamke na mwanamume pea moja), na katika hayo 25 makombe 10 ameyachukua BAADA ya kuingizwa kwenye ule ukumbi. Kumi! Kuna watu wameingizwa mle kwa makombe mawili.

Kwa hiyo kisa ninachotaka kukichambua ni hiki, imekuwaje mtu aliyekaa nje ya tenisi ya ushindani karibu miaka sita arudi na kukusanya yote hayo, na jibu langu ni kwamba lile bonanza la wastaafu, ambalo watu wengi tunaliona ni la kupiga picha na kula stroberi, kwake lilikuwa mizani. Alikuwa anajipima. Sisi ndo tulidhani anacheza.

Tuelewane kwanza haya mashindano yenyewe ni kitu gani maana wengi wanaangalia Wimbledon kila mwaka na hawajui kama yapo. Wiki ya pili, wakati macho ya dunia yako Centre Court, kwenye viwanja vingine kunakuwa na mashindano ya kualikwa. Klabu yenyewe ndo inaalika, hakuna kufuzu, hakuna pointi za renki. Ya wanawake ni dabo tu, singo hakuna. Timu nane, makundi mawili ya timu nne nne, kila timu inacheza na zote za kundi lake, vinara wa makundi wanakutana fainali. Mkigawana seti hamchezi seti ya tatu kamili, mnapiga taibreka ndefu ya kufika pointi 10 na mchezo unaisha, na hiyo ni huruma kwa magoti ya watu, tuseme ukweli. Watu wanataniana, wanacheka, mashabiki wako karibu hadi unasikia wanachoongea.

Sasa kuna kitu kimoja hapo ambacho kinanikera na lazima nikiseme kabla sijasahau. Miaka hiyo ninayoizungumzia wanaume walikuwa na makundi mawili ya kualikwa, ya vijana vijana wa 35 kwenda juu na ya wazee wa 45 kwenda juu. Wanawake? Kapu moja. Wote humo. Mwaka 2010 Anna Kournikova kaingia humo ana miaka 29, pea yake Hingis mwenyewe, na humohumo yumo Navratilova aliyezaliwa 1956. Yaani mtu na mtu wa umri wa mama yake mzazi. Mnawapangia wanaume kwa umri kama timu za shule, under hivi under vile, alafu wanawake mnawachanganya kama mchele wa mapembe na wa kawaida. Kwa upande wa haki hiyo haijakaa sawa. Ila kwa kisa chetu, huo uzembe ndo ulimpa Hingis nafasi, maana kama wangekuwa wakali na umri wa miaka 35 asingeingia mle wakati ule.

Haya, Hingis ni nani kwa wale wadogo zangu ambao tenisi mmeanza kuijua kwa Serena. Kazaliwa Košice mwaka 1980, Chekoslovakia ya wakati ule, mama yake Melanie Molitor alikuwa mchezaji na ndo kocha wake, na jina Martina kapewa kwa heshima ya Martina Navratilova. Likumbuke hilo. Wakahamia Uswisi. Mwaka 1996 ana miaka 15 kachukua dabo ya Wimbledon na Helena Sukova, mpaka leo hakuna aliyechukua Grand Slam akiwa mdogo zaidi. Mwaka 1997 ana miaka 16 kachukua Australia, Wimbledon na US Open kwa singo, akakosa Paris tu, fainali alifungwa na Iva Majoli. Fainali ya Wimbledon mwaka huo alimfunga nani? Jana Novotna, 2-6 6-3 6-3. Novotna naye mkumbuke. Mwaka uliofuata wawili hao hao wakawa pea moja wakachukua dabo Paris, Wimbledon na US Open, na kwa kuwa Hingis alishachukua ya Australia na Mirjana Lucic, akawa amezoa zote nne ndani ya mwaka mmoja.

Alafu wakaja wenye nguvu. Davenport, dada wawili wa Williams, Capriati. Hingis alikuwa anacheza kama mtu wa bao, anakuona hatua tatu mbele, anakuvuta huku anakutupa kule, lakini sevu yake, ule mpira wa kuanzisha pointi, ilikuwa laini, hasa ya pili, na ukiwa na sevu laini mbele ya Davenport mwenye urefu wa mita 1.89 ni kama umemwekea chakula mezani. Fainali ya US Open 1998 Davenport akampiga, Australia 2000 akampiga tena. Vifundo vya miguu vikaanza kusumbua, upasuaji, na mwaka 2003 akastaafu akiwa na miaka 22. Akarudi 2006, akafika namba sita, akachukua Roma, akachukua dabo mchanganyiko ya Australia na Mahesh Bhupathi. Kisha Novemba 2007 kaitisha waandishi, kasema vipimo vya Wimbledon vimeonyesha kokeini, akakanusha kutumia, na palepale akatangaza kustaafu mara ya pili. Akafungiwa miaka miwili. Sitaingia kwenye kupimana nani mkweli, huo ni mjadala mwingine na umeshamaliza watu sauti.

Adhabu ikaisha mwishoni mwa Septemba 2009. Ana miaka 29. Singo hawezi tena kwa kiwango chake, jina limechafuka, na hakuna anayemsubiri. Mtu wa namna hiyo anaanzia wapi?

Ndo mwaka 2010 mlango ukafunguka kidogo. Kaalikwa Wimbledon kwenye maveterani na Kournikova, pea yake ya zamani ambayo walichukua nayo Australia 1999 na 2002. Watu walienda kuangalia sura, waliongelea nguo, makala za magazeti zilikuwa za kumbukumbu tu. Ila aliyekuwa anaangalia mikono ya Hingis aliona kitu. Mkono haukwenda popote. Bado mpira unamfika anaufanya anavyotaka.

2011 akabadilisha pea na hapa ndo pananoga. Davenport! Yule yule aliyemtoa kwenye namba moja mwaka 1998. Sasa fikiria wewe, mtu ambaye miaka kumi nyuma sevu yake ilikuwa inakuharibia usingizi leo anasevu kwa ajili yako, wewe umesimama mbele pale karibu na neti, mpinzani anarudisha mpira kwa shida, unaumalizia kama mtu anayechuma embe. Kila alichokuwa nacho Davenport ndicho alichokikosa Hingis, na miguu ya Davenport ambayo haikuwahi kuwa ya kukimbia sana ilikuwa inafidiwa na macho ya Hingis. Wakachukua 2011, wakachukua 2012, wakachukua 2013.

Naomba nikae kidogo kwenye hili la dabo maana bila hilo kisa hakieleweki. Kuna klabu moja hapa Dar nacheza Jumapili jioni, na kuna mama mmoja pale, kastaafu ualimu zamani, magoti yote mawili kafunga bandeji, kofia ya ukili. Singo namshinda bila kutoa jasho, na sisemi kwa kujisifu, ni kwamba hawezi kukimbia basi. Ila dabo huyo mama ananitesa. Anasimama. Yaani anasimama tu pale upande wake, hajasogea hatua tatu tangu gemu imeanza, na kila mpira unaokwenda kwake unarudi mahali ambapo wewe haupo, kwenye miguu yako, au juu ya kichwa chako kwa ile lobu yake ambayo inapanda polepole mpaka unajiona mjinga unavyoikimbilia kinyumenyume. Siku moja namuuliza mama unajuaje nitakwenda kulia, kanijibu mwanangu bega lako linasema kabla yako.

Hicho ndo dabo inakifanya. Uwanja wa singo una upana wa mita 8.23 na wote ni wa kwako peke yako. Wa dabo una mita 10.97 lakini mpo wawili, kwa hiyo kila mtu ana mita kama tano na nusu. Umepunguziwa theluthi moja ya kazi ya pembeni. Pointi ni fupi, haziendi mipira 25. Sevu yako ikiwa laini kuna mtu kasimama netini anamtisha anayerudisha. Vinavyoondoka na umri ni mbio na pumzi, vinavyobaki ni mkono, jicho na ujanja, na dabo inalipa zaidi hivyo vinavyobaki. Kwa hiyo mashindano ya wastaafu kuwa ya dabo tu sio kwamba wanawake wameonewa huruma, ni kwamba ndo sehemu pekee ambayo ustadi wao bado unaonekana bila kufunikwa na kuhema.

Turudi. Fainali za 2011 na 2012 Hingis na Davenport walikutana na pea ileile: Martina Navratilova na Jana Novotna. Hebu iangalie hiyo orodha ya wanne pale uwanjani. Upande mmoja Hingis na aliyemtoa namba moja. Upande wa pili yule ambaye Hingis alirithishwa jina lake, na yule ambaye Hingis alimshinda fainali ya 1997 kwenye nyasi hizohizo na kubeba naye dabo 1998. Maisha yake yote ya tenisi yalikuwa ndani ya mistari ile minne, na waliolipa kiingilio wengi wao walikuwa wamekuja kula bata.

Hapa najua mtu atanishika. Atasema ndugu, kumfunga Navratilova mwenye miaka 54 wewe una 30 ni mizani gani hiyo? Mizani ya kupimia vitunguu? Swali zuri, na lilinisumbua hata mimi. Nikaliangalia hivi: hakuwa anapima wapinzani, alikuwa anapima mwili wake mwenyewe. Miaka mitatu mfululizo kifundo cha mguu kimestahimili. Miaka mitatu kafanya mazoezi kwa ajili ya tarehe fulani ya mbele, na mwanamichezo aliyestaafu kinachomuua kwanza ni kukosa tarehe, sio kukosa nguvu. Na alikuwa hachezi maveterani peke yake, kiangazi alikuwa anakwenda Marekani kucheza ile ligi ya timu za mchanganyiko, ambako unakutana na watu ambao bado wapo kwenye renki. Mwaka 2013 alikuwa timu ya Washington, na humo alimkuta Leander Paes wa India. Tutarudi kwa Paes.

Na tena usidhani alirudi tu na kuanza kuokota makombe. Mwanzo ulikuwa wa tabu. Na Hantuchova hawakufika mbali kokote, US Open 2013 wametoka raundi ya kwanza, na sie tuliocheka tukacheka zaidi. Kombe la kwanza likaja Machi 2014 Miami, na Sabine Lisicki, yule Mjerumani mwenye sevu ya bunduki. Umeona mtindo? Davenport alafu Lisicki. Alijifunza kwenye bonanza kwamba akipata mtu wa kumfyatulia sevu yeye ataimaliza kazi mbele, akaenda na fomula hiyohiyo sokoni. Septemba 2014 yupo fainali ya US Open na Flavia Pennetta, wakafungwa na Warusi wawili, Makarova na Vesnina.

Machi 2015 ndo kaungana na Sania Mirza. Hapa hata maelezo hayahitajiki sana, mashindano yao matatu ya kwanza wamechukua yote, Indian Wells, Miami, Charleston. Forehendi ya Sania nyuma, mikono ya Hingis mbele. Basi.

Lakini kuna wikiendi moja ya Aprili mwaka huohuo ambayo watu huwa wanairuka na kwangu ndo ushahidi mkubwa kuliko makombe. Uswisi inacheza Fed Cup na Poland, Hingis kaingia timu ya taifa baada ya miaka mingi, na akapangwa singo. Singo! Kacheza na Agnieszka Radwanska, kafungwa. Kesho yake kacheza na mdogo mtu, Urszula, kafungwa pia. Mtu huyuhuyu, mwezi huohuo, mwili uleule, kwenye dabo hakamatiki na kwenye singo kapigwa mbili bila. Ukitaka kujua maveterani yalimpa nini angalia hapo: hayakumrudishia ujana. Yalimwonyesha kipi bado kipo mkononi na kipi kimeshakwenda, akaacha kukifukuzia kilichokwenda. Wangapi wanaweza hilo? Mi nina rafiki bado anajiita winga na hawezi kufunga kamba za viatu bila kukaa chini.

Wimbledon 2015 fainali ya dabo nimeirudia kuangalia mara nyingi. Makarova na Vesnina tena. Seti ya kwanza imekwenda 7-5 kwa Warusi, ya pili Hingis na Sania wameipata kwa taibreka, ya tatu wako nyuma 5-2. Kwa kawaida hapo mtu unaanza kufikiria hotuba ya mshindi wa pili. Wakarudi mpaka 5-5, giza linaingia, mchezo ukasimamishwa wafunge paa na kuwasha taa. Nyie mnajua kusimama kunavyoharibu mtu aliyeshika kasi. Waliporudi wakapata gemu mbili za mwisho, 7-5. Kombe lake la kwanza la dabo Wimbledon tangu lile la 1998 na Novotna. Kesho yake, na Paes, fainali ya mchanganyiko, 6-1 6-1 dhidi ya Peya na Babos, dakika 40. Nimewahi kusubiri chipsi muda mrefu kuliko huo.

US Open mwaka huohuo kachukua zote mbili, na Sania na Paes. Australia 2016 na Sania tena. Wakafika mechi 41 bila kufungwa, mkeka ukachanika Doha Februari 2016. Paris 2016 na Paes. Rio akapata medali ya fedha na Timea Bacsinszky, na waliomnyima dhahabu ni walewale, Makarova na Vesnina, hao watu wana deni naye. Olimpiki yake ya mwisho kabla ya hapo ilikuwa Atlanta 1996, hesabu mwenyewe. Mwaka 2017 mchanganyiko wa Wimbledon na US Open na Jamie Murray, dabo ya US Open na Chan Yung-jan wa Taiwani. Oktoba 2017 Singapore akaaga mara ya tatu, safari hii akiwa namba moja duniani kwa dabo.

Sio yeye peke yake aliyewahi kurudishwa na mechi za kirafiki, na hilo linanipa nguvu kidogo kwenye hoja yangu. Kim Clijsters alistaafu 2007, akazaa, katulia zake Ubelgiji. Wimbledon wakajenga paa la Centre Court, Mei 2009 wakataka kulijaribu kwa mechi ya maonyesho, yeye na Tim Henman dhidi ya Agassi na Steffi Graf. Sasa huwezi kwenda kusimama mbele ya Graf umetoka jikoni moja kwa moja, ikabidi aanze mazoezi, na mazoezi yakamkolea, kabla hata ya mechi yenyewe alishatangaza anarudi. Septemba kachukua US Open na mtoto wake yuko uwanjani anashangaa kombe. Mechi ya kujaribu paa hiyo!

Na Navratilova mwenyewe ndo baba wa mchezo huu, au mama wa mchezo, sijui niseme vipi. Kastaafu 1994, karudi mwaka 2000 kwa dabo, 2003 akachukua mchanganyiko wa Australia na Wimbledon na nani? Leander Paes. Huyo Paes kabeba Martina wote wawili, miaka 12 katikati, nasema huyo jamaa ana leseni maalumu. Kombe la mwisho la Navratilova ni US Open 2006 na Bob Bryan, mwezi mmoja kabla hajatimiza 50. Alafu akarudi kwenye maveterani kuendelea kuwasumbua watu, 2016 kachukua Wimbledon na Selima Sfar wa Tunisia, 2017 na 2019 na Cara Black wa Zimbabwe. Hiyo ya mwisho alikuwa na miaka 62. Kwa hiyo wanaosema Hingis alikuwa anapima kwa vitunguu wamuulize Cara Black kama yule bibi ni kitunguu.

Ila tusipake rangi sana. Wengi walipita mlango huohuo na hawakurudi popote wala hawakutaka. Davenport alikuwa na makombe matatu yaleyale, sevu bado ipo, na akarudi nyumbani kulea na kufanya uchambuzi kwenye televisheni. Kwake bonanza lilikuwa bonanza. Na Novotna, wala sidhani alihitaji kupimwa na kitu chochote. Yule ndo aliyelia begani kwa Duchess wa Kent, wa familia ya kifalme ya Uingereza, kwenye fainali ya singo ya Wimbledon mwaka 1993 baada ya kuongoza 4-1 seti ya mwisho dhidi ya Graf na kupoteza, akafungwa tena na Hingis 1997, akaja kulipata kombe hilo la singo 1998. Mwaka 2014, Hingis ameshaondoka kwenda kwenye mashindano makubwa, Novotna akabaki na kulichukua kombe la maveterani yeye na Barbara Schett. Alifariki Novemba 2017 kwa saratani, miaka 49, wiki chache tu baada ya Hingis kuaga Singapore. Zile fainali mbili za 2011 na 2012 sasa hivi siwezi kuziwaza kama bonanza kabisa.

Hingis naye akazaa, 2019 akapata binti. Corona ikaja ikapita. Mwaka 2022 naona orodha ya walioalikwa Wimbledon, Clijsters na Hingis pea moja, nikajua hapo wengine wamekuja kusindikiza. Wakachukua. 2023 wakaja tena, na safari hii kwenye orodha yumo na Sania Mirza, aliyekuwa amestaafu Februari mwaka huohuo, pea yake Johanna Konta. Clijsters na Hingis wakachukua tena, fainali wakimpiga Cara Black na Caroline Wozniacki, huyo Wozniacki mwenyewe wiki chache baadaye akarudi kwenye singo za kweli na kufika raundi ya nne US Open.

Hingis alikuwa na miaka 42. Julai yote ile nilikuwa nafungua simu asubuhi kuangalia kama katangaza chochote. Hakutangaza.